Probox ya kilomita 312,000 inakula oili: ni injini mpya au ni sili 16?

SWALI: Nina Probox ya mwaka 2005, otomatiki, injini 1NZ-FE, imetembea kilomita 312,000. Niko Mbeya, nabebea viazi kutoka mashambani kwenda sokoni, na Jumapili nabebea familia. Inakula oili kama lita moja kila kilomita 1,200. Asubuhi nikiwasha inatoa wingu la moshi wa bluu, halafu unakata. Taa ya injini imewaka na mashine imesoma P0420. Nikiweka R inakawia kushika, na kwenye kona nyuma inayumba kama gari lina mkia. Fundi kapima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) akapata 168, 170, 165 na 162 psi, kipimo cha mgandamizo. Anasema kitabu kinataka 213, kwa hiyo injini imekufa, ninunue ya mtumba. Nimsikilize, au niliuze kabla halijanifia mkononi?

JIBU: Ndugu yangu, usinunue injini. Namba nne ulizoniandikia ni za injini nzima. Kosa ni kwamba zimelinganishwa na kipimo cha usawa wa bahari, nawe uko Mbeya.

Kitabu cha ufundi cha 1NZ-FE kinasema kompresheni ya injini mpya ni 213 psi, ya chini kabisa inayokubalika ni 156, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Hizo ni namba za mahali ambapo hewa ina uzito wake wote. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya bahari, na huko mgandamizo wa hewa ni takribani asilimia 82 ya ule wa Dar es Salaam. Silinda inagandamiza hewa iliyoikuta, haina nyingine. Zidisha 213 kwa 0.82 upate karibu 175: hiyo ndiyo injini mpya ya Mbeya. Zidisha 156 kwa 0.82 upate 128: hapo ndipo mtu wa Mbeya aanze kuogopa. Zako zimekaa kati ya 162 na 170, na tofauti kubwa ni 8 tu. Gari hilohilo likishushwa Tanga leo, geji ileile itasoma karibu 200.

Tena huenda hata hizo 162 zimepimwa chini ya ukweli. Kipimo kinataka injini iwe ya moto, plagi zote nne ziwe nje, umeme wa nozeli uwe umekatwa, betri iwe imejaa, na akselereta ikanyagwe mpaka chini wakati stata inazungusha. Fundi akisahau akselereta, hewa haiingii ya kutosha na geji inasoma chini. Mwombe arudie mbele yako.

Sasa, kama kompresheni ni nzuri, oili inakwenda wapi? Hapa ndipo injini nyingi nzima zinapotupwa. Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu ndizo zinazozuia mgandamizo, na katika ringi, geji inazipima hizo tu. Ya tatu, ya chini, kazi yake ni kukwangua oili kwenye kuta za silinda na kuirudisha chini kupitia vitundu vidogo. Ringi hiyo ikiganda kwa masizi, injini itakunywa oili huku kompresheni ikiwa safi kabisa. Vilevile sili za valvu (vipira vinavyozuia oili isiteremke kwenye shina la valvu, na injini hii ina valvu 16) na valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye mfumo wa hewa) hazionekani kwenye geji. Kwa hiyo washukiwa ni watatu, na kila mmoja ana tabia yake.

Sili za valvu hujitaja asubuhi. Gari likilala usiku, oili iliyobaki juu ya hedi inachuruzika taratibu kupitia mpira uliokauka na kuingia kwenye silinda. Ukiwasha inaungua yote kwa mara moja, linatoka wingu moja la bluu, halafu kimya. Pia hujionyesha ukishuka mlima mrefu ukiwa umeachia akselereta kisha ukikanyaga tena: mtu aliye nyuma yako ataona moshi wa ghafla. Ringi zikiganda hazisubiri asubuhi. Moshi wake unatoka injini ikiwa ya moto na ukiwa unapanda na mzigo, na unaendelea kadiri unavyokanyaga. PCV ikiziba au ikikwama wazi, oili inavutwa kwenye mfumo wa hewa, na ukichomoa mpira wa kuingiza hewa utaukuta umelowa ndani. Kwa maelezo yako, nawashuku sili kwanza, PCV pili, na ringi mwisho.

Anza na PCV hata hivyo, maana ni kitu cha dakika kumi na bei yake ni ndogo kuliko lita chache za oili nzuri. Imefungwa juu ya kava ya valvu, na mpira wake unakwenda kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Ifungue, ioshe kwa petroli au dawa ya kusafishia kabureta, ikauke. Itikise: lazima isikike ikicheza ndani. Puliza kwa mdomo kupitia mpira safi kutoka upande wa injini, hewa ipite. Puliza kutoka upande wa manifoldi, hewa igome. Ikipitisha pande zote au isipopitisha kabisa, weka mpya. Angalia na ule mpira wake: ukiwa umelegea au umepasuka, gari litavuta hewa ya wizi na silensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga akselereta, itapandapanda.

Kisha pima unywaji wa oili kwa haki, maana "kama lita moja" ni kukisia. Simamisha gari mahali tambarare, zima, subiri dakika tano, jaza mpaka alama ya F (imejaa) kwenye kijiti cha oili. Andika kilomita. Tembea 1,000, rudi palepale, jaza tena mpaka F kwa chupa yenye vipimo, na andika mililita zilizoingia. Ujue kwamba vitabu vya Toyota huandika kikomo cha lita 1 kwa kilomita 1,000. Wewe uko kwenye lita 0.83. Si hali nzuri, lakini hata mtengenezaji mwenyewe haiiti kifo. Kinachoua 1NZ ni mwenye gari kuacha oili ishuke chini ya alama ya L ya kijiti bila kujua, kisha cheni ya taimingi na beringi za krankishafti zikakosa ulainisho. Mpaka utengeneze, pima kila unapojaza mafuta. Usisubiri taa nyekundu ya oili, hiyo inawaka presha ikiwa imeshapotea.

Wakati plagi ziko nje, zipange kwa namba na uzitazame. Ya rangi ya hudhurungi iliyofifia ni sawa. Yenye ukoko mweusi wa oili inakuonyesha silinda inayovujisha. Zikiwa nne zote zimefanana, hiyo ni dalili nyingine ya sili au PCV, kwa kuwa ringi mara chache zinachoka zote kwa kiwango kimoja. Mwanya wa plagi ni mm 1.1, na kaza kwa Nm 18 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Hedi ni ya aluminiamu, uzi wake ukiliwa utalia.

Kazi ya sili zenyewe inafanyika hedi ikiwa palepale kwenye injini. Hii ndiyo sababu nakuambia usikubali haraka kufunguliwa injini yote. Fundi anatoa kava ya valvu, anatia alama ya rangi kwenye cheni na gia zake, analegeza kikaza cheni, anafunga cheni kwa waya isidondoke, anatoa kamshafti mbili. Kisha anaingiza hewa ya kompresa kwenye silinda kupitia tundu la plagi ili valvu zisianguke ndani, na hewa hiyo isikatike hata sekunde moja mpaka springi irudi. Anabonyeza springi, anatoa vile vipande viwili vidogo vinavyoishikilia kwa sumaku, anachomoa sili ya zamani, anapaka oili mpya na kuikandamiza mpaka ikae. Mara 16. Matundu yote ya kurudishia oili yazibwe kwanza kwa vitambaa safi, maana kipande kimoja kikidondokea kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), akiba yote ya kutofungua injini imekwisha. Sili za upande wa hewa na za upande wa eksozi hazifanani, zina rangi tofauti, zisichanganywe.

Ukiishika ile sili ya zamani utaelewa. Mpya inabonyea kama mpira wa chupa ya dawa. Ya miaka ishirini ni ngumu kama kifungo cha shati, na mdomo wake umekuwa mpana kiasi kwamba unaweza kuining'iniza kwenye shina la valvu ikateleza yenyewe.

Kwa kuwa kamshafti zimetoka, zikirudi ni lazima mwanya wa valvu upimwe kwa fila (vibapa vya kupimia mwanya), injini ikiwa baridi: upande wa hewa mm 0.15 hadi 0.25, upande wa eksozi mm 0.25 hadi 0.35. Mafundi wengi wanairuka hatua hii kwa sababu 1NZ haina skrubu ya kurekebishia. Unabadili kikombe cha tapeti chenye unene mwingine. Isirukwe. Kwa kilomita zako valvu za eksozi huwa zimebana, na valvu iliyobana haifungi sawasawa ikiwa ya moto, mwishowe inaungua ukingo. Hapo kompresheni itakufa kweli.

Baada ya hayo weka oili ya 10W-30, au 10W-40 kama ndiyo unayoipata ya uhakika, lita 3.7 pamoja na filta. Najua utashauriwa uweke 20W-50 ili "ikae". Nzito hupunguza moshi kidogo, lakini asubuhi za baridi za Mbeya inachelewa kufika juu kwenye cheni na kwenye VVT-i (mfumo wa Toyota unaobadili wakati wa valvu kufunguka), na sili iliyokauka haiponi kwa oili nzito. Badilisha kila kilomita 5,000, na filta kila mara. Kisha pima tena kilomita 1,000. Ukipata chini ya nusu lita, achana nayo, endelea na kazi. Ikibaki palepale, ni ringi za oili, na hapo ndipo hedi ing'olewe. Ikifika huko, kumbuka mambo mawili. Bloku ya 1NZ ni ya aluminiamu yenye silivu nyembamba za chuma, haikutengenezwa kwa ajili ya kuchongwa na kuwekewa pistoni kubwa. Anayekuambia "tutachonga" mwulize pistoni hizo atazitoa wapi. Na bolti za hedi hazikazwi kwa nguvu ya mkono: zote Nm 29 kwa mpangilio wa kuanzia katikati, kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena.

P0420 inamaanisha masega ya eksozi (kisafisha moshi kilicho ndani ya bomba la eksozi) hayasafishi moshi inavyotakiwa. Oili inayoungua ndiyo inayoyachafua, kwa hiyo kuyabadilisha kabla ya kumaliza oili ni kumwaga pesa. Usikubali yatobolewe wala kutolewa. Kagua kwanza kama eksozi inavuja kabla ya sensa ya pili, maana hewa ikiingia hapo namba hiyohiyo ya hitilafu inatokea. Gari litaendelea kutembea, hili lisubiri.

Giaboksi. Probox ya mwaka wako ina otomatiki ya gia nne, na inataka haidroliki (mafuta ya giaboksi) ya Type T-IV. Probox zilizotoka kuanzia 2014 zina CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) na mafuta yake ni mengine kabisa, kwa hiyo usinunue kwa kusema tu "ya Probox". Pima kuchelewa kwa saa ya simu: gari la moto, tambarare, handbreki juu, mguu kwenye breki, silensa. Toka N kwenda R, hesabu mpaka usikie linashika. Rudia mara tatu kwa kuachia dakika moja, chukua wastani. R isizidi sekunde 1.5, D isizidi 1.2. Ikizidi, tazama haidroliki kwanza: injini ikiwa inaunguruma na gia zimeshapitishwa zote kurudi P, chomoa kijiti, kifute kwa karatasi nyeupe, chomoa tena, soma kwenye alama za HOT. Kahawia isiyonuka ni uzee tu. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, na vumbi la chuma linalong'aa kwenye karatasi, ni klachi zimeisha, na hapo kubadili haidroliki hakutaokoa.

Kama ni uzee tu, mwaga kwa bolti ya chini. Zitatoka takribani lita tatu, nyingine inabaki ndani. Pima ulichomwaga na urudishe kiasi hichohicho. Tembea kilomita 300 hivi, rudia, kisha rudia mara ya tatu. Mashine ya kusukuma haidroliki yote kwa mpigo mmoja naiogopa kwenye giaboksi ya umri huu, kwa sababu inang'oa uchafu uliolala na kuupeleka kwenye njia nyembamba za valvu.

Huo mkia wa nyuma ni hatari kuliko moshi, na ndio ningeanza nao kama una pesa ya kitu kimoja wiki hii. Probox ina ekseli ngumu nyuma, inashikwa na mikono minne ya kuvuta mbele na nyuma, na rodi moja iliyolala kwa mshazari inayozuia ekseli isiende kando. Bushi za rodi hiyo zikiisha, ukikata kona bodi inakwenda kivyake na ekseli inafuata baadaye. Pandisha nyuma kwa jeki, weka stendi chini ya bodi, shika gurudumu uisukume ekseli kushoto na kulia huku mwenzako anaitazama rodi. Mpira ukiachana na chuma, badilisha bushi za pande zote mbili. Sasa sikiliza hapa kwa makini: bolti za bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa ekseli ikiwa inaning'inia, ukishusha gari mpira unajisokota na kuchanika ndani ya miezi michache, na utasema spea ni feki wakati kosa ni la ufungaji.

Na mzigo wako uupime. Gari hili limeandikiwa kilo 400 likiwa na watu wawili, kilo 250 likiwa na watano. Magunia manne ya kilo mia mia yanamaliza hesabu. Lumbesa nne zimeshapita, na ukiongeza mtu na toroli yake juu, hakuna bushi wala shokapu itakayokaa. Kwa mzigo huo kwenye miteremko ya Mbeya, shuka ukiwa kwenye 2 au L, fungua ngoma za nyuma utazame kama silinda za breki zinavuja, na mafuta ya breki ya DOT 3 yabadilishwe kila miaka miwili.

Jambo dogo la upoozaji, kwa sababu ya mwinuko tena. Huko maji yanachemka kwenye takribani nyuzi 94, si 100, kwa hiyo kifuniko cha rejeta chenye springi iliyochoka kitakuchemshia gari mapema kuliko mtu wa pwani. Nunua kipya. Na hakikisha termostati ipo, wengi wanaitoa. Washa injini baridi ushike mpira wa chini wa rejeta: ukianza kupata joto mara moja, pamoja na injini, termostati haipo. Bila hiyo injini inabaki baridi, kompyuta inaongeza petroli, na oili inachafuka haraka. Mpya inafunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ichemshe kwenye sufuria ikiwa imening'inizwa kwa uzi uione ikifunguka kabla ya kuifunga.

Kuhusu ile injini ya mtumba: nayo ina miaka yake, kilomita zake huzijui, na huenda sili zake zina umri sawa na zako. Kuna 1NZ za waya wa akselereta na za akselereta ya umeme, hazibadilishani bila kazi, na 1NZ-FXE ya magari ya mseto si injini yako hata kama bloku inafanana. Juu ya hayo namba ya injini iliyo kwenye kadi ya gari itabidi ibadilishwe TRA, la sivyo siku ya kuuza utakwama.

Kuuza ni suala la bodi. Chukua mpini wa spana, gonga chini ya gari mahali rodi ile ya mshazari inaposhikwa kwenye bodi, mahali shokapu za nyuma zinapofungwa juu, na mapindo ya chini ya milango. Mlio mkavu ni chuma. Mlio wa kufa, au kutu inayodondoka kwa vigamba, bonyeza kwa bisibisi. Ikitoboka pembeni mwa mlango, inachomelewa. Ikitoboka kwenye vishikio vya rodi au shokapu, usitie hata sili moja, liuze kama lilivyo na umwambie mnunuzi tundu liko wapi.